Hela ya maafa kwa mkulima mdogo Marekani: mwongozo kamili wa ofisi ya FSA, hatua kwa hatua

Kila msimu ni yale yale. Mto unafurika au mvua ya mawe inapiga, mchicha na nyanya chungu zinalala chini, halafu wiki tatu baadaye mtu anaenda ofisi ya kaunti kuulizia ile hela ya serikali na anaambiwa hakuna kitu. Anarudi nyumbani amekata tamaa, na majirani zake wakisikia nao hawaendi tena.

Nikiangalia wanaokwama, karibu wote wamekwama sehemu mbili. Ama jina lao halikuwepo kwenye mafaili kabla ya maafa, ama walishageuza udongo na kufukia mazao kabla hajaja mtu wa kuona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya wakati jua linawaka na shamba liko salama, manake hapo ndo malipo yanapoamuliwa.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaolima eka moja, mbili, tano huko Maine, Vermont, Iowa, Kentucky na kwingineko, Wakongomani, Warundi, Wasomali Wabantu, na yeyote anayesoma Kiswahili na ana jembe mkononi.

## Kwanza tusichanganye ofisi

FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, ni ya nyumba, gari, makazi. Ya mazao na mifugo ni FSA, idara iliyo ndani ya USDA, wizara ya kilimo. Iko karibu kila kaunti yenye wakulima, na pale ambapo haipo, kaunti jirani inahudumia. Unaitafuta kwenye tovuti ya farmers.gov, unaandika jina la kaunti yako inakupa anwani na simu.

Ndani ya FSA kuna mipango kadhaa, na inayomgusa mkulima mdogo ni hii:

- NAP: kwa mazao ambayo bima ya kawaida haipatikani kwenye kaunti yako. Mboga zetu nyingi zinaangukia hapa. Hii lazima ujiandikishe KABLA.
- LIP: mifugo iliyokufa kwa hali mbaya ya hewa. Mbuzi, kondoo, kuku, ng'ombe.
- LFP: malisho yaliyokauka kwa ukame.
- ECP: kurekebisha ardhi na fensi, kuondoa takataka zilizoletwa na maji.

Mara moja moja Kongresi inapitisha hela ya ziada. Desemba 2024 ilitenga dola bilioni 20 na ushee kwa hasara za mwaka 2023 na 2024, na mpango wake (SDRP) ulipofunguliwa Julai 2025 walioanza kuhudumiwa ni wale waliokuwa wameshalipwa na bima au NAP, fomu zao zikaja zimeshajazwa data. Aliyekuwa nje ya mafaili alisubiri awamu ya pili na alibeba mzigo wote wa kuthibitisha mwenyewe.

## Vitu vya kuandaa kabla hujapiga simu

Weka vyote kwenye bahasha moja, kopi nyingine piga picha weka kwenye simu:

- Kitambulisho, pamoja na grini kadi au cheti cha uraia
- Namba ya soshali, au namba ya EIN kama umesajili biashara
- Mkataba wa kukodi shamba, au hati kama ni lako
- Taarifa za akaunti ya benki, jina liwe lile lile lililoko kwenye kitambulisho
- Orodha ya unachopanda: zao, ukubwa, tarehe unayopanda
- Risiti za mbegu, mbolea, chakula cha mifugo
- Rekodi za mauzo na mavuno za miaka iliyopita, hata kama ni daftari la mkono

Ngoja nikae kidogo kwenye huo mkataba maana unaangusha watu wengi. Wengi wetu tunalima kwenye kipande ambacho shirika fulani limekodi halafu limetugawia. FSA wanataka kujua nani anabeba hatari ya zao, yaani zao likifa nani anapoteza. Kama karatasi inasema wewe ni mshiriki wa programu tu, ofisi inaweza kuona mkulima ni shirika na wewe hupo. Omba barua yenye sahihi inayosema kipande ni kipi, ukubwa gani, kuanzia lini mpaka lini, unalipa nini, na kwamba mazao ni yako na unauza kwa faida yako na hasara yako. Barua ya ukurasa mmoja inatosha.

## Hatua ya 1: Pata namba ya shamba

Piga simu uweke miadi, usiende tu kugonga mlango maana ofisi nyingi zina watu wachache. Sema unataka kusajili shamba na kupata namba ya shamba, na sema hapo hapo kama unahitaji mkalimani wa Kiswahili kwenye simu. Kama watakuambia hawana, nenda na mtu mzima unayemwamini. Mtoto wa shule asitumwe kutafsiri mambo ya mikataba, neno moja likipotea unasaini kitu usichokijua.

Watakuuliza shamba liko wapi na watafungua ramani ya satelaiti, mtachora pamoja mipaka ya kipande chako. Angalia vizuri. Kipande kikichorwa kidogo kuliko kilivyo, malipo nayo yatakuwa madogo, na kikichorwa kikubwa utaonekana umedanganya.

Hakuna kiwango cha chini cha eka, hata nusu eka inapewa namba. Mtu akikwambia wewe ni mdogo mno, muombe kwa upole aongee na mkurugenzi wa ofisi.

Imekaa sawa ukitoka na ramani iliyochapishwa ikiwa na namba ya shamba na namba ya kipande. Usiondoke bila hiyo karatasi.

## Hatua ya 2: Saini fomu za kustahili

Hizi zinachosha lakini unajaza siku moja, baadaye ni kusasisha tu mambo yakibadilika:

- AD-2047: taarifa zako, jina, anwani, simu
- AD-1026: kwamba hulimi ardhi oevu wala ardhi inayomomonyoka kirahisi bila kufuata kanuni
- CCC-902: shamba linaendeshwaje, nani anatoa kazi, hela, vifaa
- CCC-941: kwamba wastani wa kipato chako hauzidi dola 900,000 kwa mwaka
- CCC-860: kwamba wewe ni mkulima anayeanza, au mwenye kipato kidogo, au mwanajeshi mstaafu
- Fomu ya benki ili hela iingie moja kwa moja

CCC-860 usiiruke. Mkulima anayeanza ni yule ambaye hajaendesha shamba zaidi ya miaka 10 na anafanya kazi mwenyewe shambani, na wengi wetu tuko hapo. Fomu hiyo inakusamehe ada ya NAP na inakupa asilimia kubwa zaidi kwenye mipango mingine. Kulima miaka 20 Uvira au Kigoma kabla ya kuja huku ni swali la kuuliza ofisini kwa uwazi, eleza ulivyo, usijaze kwa kubahatisha.

Onyo: ukisaini kitu kisicho kweli, hata bila kukusudia, hela inadaiwa irudi pamoja na riba. Usichokielewa usisaini, omba upewe ukasome nyumbani.

## Hatua ya 3: Jiandikishe NAP kabla ya msimu

Hapa ndo pa kuweka alama nyekundu kwenye kalenda. Kila zao lina tarehe yake ya mwisho ya kujiandikisha na inatofautiana kaunti na kaunti, kwa mboga za masika sehemu nyingi inaangukia katikati ya Machi, yaani wakati nje bado kuna theluji na hakuna anayefikiria mafuriko. Piga simu Januari uulize tarehe ya kila zao lako. Fomu ni CCC-471.

Ada ni dola 325 kwa zao, na haizidi dola 825 kwa kaunti moja. Ukiwa na CCC-860 ada inasamehewa. Na ulizia swali hili kwa maneno haya: je, CCC-860 yangu imeshahesabiwa kama maombi ya NAP ya msingi msimu huu? Wakisema ndiyo, waombe kwa maandishi.

Kinga ya msingi inafanya kazi hivi. Ukipoteza zaidi ya nusu ya mavuno yanayotarajiwa, unalipwa kile kilichopungua chini ya nusu, kwa asilimia 55 ya bei ya wastani. Tupige hesabu na namba za mfano tu: una eka 2, makadirio ni paundi 10,000 kwa eka, jumla 20,000. Nusu yake ni 10,000. Umevuna 4,000. Pungufu ni 6,000. Bei ya wastani ikiwa dola 1, asilimia 55 yake ni senti 55, kwa hiyo 6,000 mara 0.55 ni dola 3,300. Zao ambalo hukuvuna kabisa linakatwa kidogo kwa sababu hukulipa gharama za kuvuna.

Unaona kwamba ukipoteza asilimia 40 hupati kitu kwenye kinga ya msingi. Kuna kinga ya juu zaidi, mpaka asilimia 65 ya mavuno kwa bei kamili, hiyo unalipia. Kama unauza sokoni kila wiki na shamba ndo linalisha familia, kaa na afisa apige hesabu zote mbili, mimi naona kinga ya juu inastahili kufikiriwa kwa mtu aliye bondeni karibu na mto.

Kama zao lako lina bima ya kawaida kwenye kaunti hiyo, NAP haitaligusa, utaelekezwa kwa wakala wa bima. Usikasirike, chukua hiyo namba ya simu.

## Hatua ya 4: Ripoti eka ulizopanda

Ukishapanda, rudi ofisini na ujaze FSA-578: zao gani, eka ngapi, tarehe gani, sehemu gani ya ramani. Kwa mazao mengi ya masika mwisho ni Julai 15, ila kwa mazao ya NAP kuna kisu kingine: ni hiyo tarehe au siku 15 kabla ya kuanza kuvuna, inayotangulia ndo inayokubana. Mchicha unavunwa mapema sana, kwa hiyo Julai 15 kwako inaweza kuwa imechelewa. Ripoti mara tu ukimaliza kupanda.

Kama mvua ilikuzuia usipande kabisa, hiyo nayo inaripotiwa, ndani ya siku 15 baada ya tarehe ya mwisho ya kupanda zao hilo.

Na mazao yetu yasiyojulikana je? Nyanya chungu, lengalenga, matembele. Afisa anaweza asiyaone kwenye orodha yake ya kompyuta. Peleka picha, peleka jina la kisayansi, eleza linafanana na nini na linauzwa bei gani. Usikubali liandikwe "mboga nyingine" bila kuuliza bei na mavuno gani yatatumika, maana malipo yote yanatoka hapo.

## Hatua ya 5: Daftari la mavuno

Hii hatua hakuna fomu, ndo maana watu wanaipuuza.

Nunua daftari la dola moja na mizani ya kuning'iniza. Kila siku ya kuvuna andika mistari minne: tarehe, zao, uzito, uliuza wapi. Mfano: "Julai 3, lengalenga, paundi 42, soko la Jumamosi, 30 zimeuzwa, 12 nyumbani." Hata ulichogawia kanisani au msikitini andika. Uzito, siyo "mafungu matano", manake fungu la mama mmoja siyo fungu la mwingine na FSA wanalipa kwa paundi.

Daftari hili linafanya kazi mbili. Linaonyesha mwaka huu umepungukiwa kiasi gani, na miaka ikipita linajenga historia yako. Bila historia wanatumia makadirio ya kaunti, na mara nyingi wanayapunguza, wakati wewe unavuna zaidi ya hapo kwenye kipande kidogo.

## Hatua ya 6: Maafa yamepiga, fanya nini leo

Usalama wa watu kwanza. Baada ya hapo simu.

Kwa mazao yanayovunwa kwa mkono na yanayooza haraka, taarifa ya hasara ni ndani ya saa 72 tangu maafa au tangu uone uharibifu. Unaweza kupiga simu au kutuma imeili, halafu fomu CCC-576 inafuata ndani ya siku 15. Mazao mengine ni siku 15. Tuma imeili hata kama umeshaongea kwa simu, simu haina ushahidi.

Imeili iwe fupi: jina, namba ya shamba, zao, eka, kilichotokea, tarehe, na kwamba unaomba mkaguzi. Ofisi ikiwa imefungwa wikendi tuma hivyo hivyo, saa iliyoandikwa kwenye imeili itakusaidia.

Picha piga hivi: moja ya mbali inayoonyesha shamba zima na kitu kisichohama, kama ghala au mti mkubwa. Halafu kila zao kwa karibu. Halafu kipimo, shika rula au jembe kando ya alama ya maji kwenye shina. Video ya kutembea mstari hadi mstari huku unataja zao na tarehe kwa sauti ni nzuri sana, kwa Kiswahili haina shida.

## Hatua ya 7: Usilime, usifyeke, usifukie

Hapa ndo moyo unauma, kwa sababu mkulima akiona shamba bovu anataka kusafisha apande tena. Vumilia. Mazao yakiondolewa kabla ya mkaguzi kuona au kabla ofisi haijakupa ruhusa, hakuna cha kupima, na ombi linaweza kukataliwa hata kama kaunti nzima inajua mto ulifurika. Kama huwezi kusubiri kwa sababu msimu unaisha, omba ukaguzi wa haraka kwa maandishi, uliza kama unaweza kuacha mistari michache ya sampuli.

Na mboga iliyoguswa na maji ya mafuriko usiuze, wala usimpe jirani. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wanahesabu chakula cha namna hiyo kuwa kimechafuliwa hata kikioshwa, kwa sababu maji yale yana kinyesi, mafuta ya magari, dawa. Julai 2023 mto Winooski ulipoingia mashamba ya Intervale kule Burlington, Vermont, mboga zilizokuwa tayari kuvunwa ziliachwa pale pale kwa sababu hiyo. Hasara ya namna hiyo inaripotiwa, kwa hiyo piga picha ya mstari wa maji kwenye majani.

## Hatua ya 8: Maombi ya malipo

Watu wanadhani wakisharipoti wamemaliza, wanakaa kusubiri hela. Taarifa ya hasara na ombi la malipo ni vitu viwili. Ombi liko kwenye sehemu za mwisho za CCC-576 hiyo hiyo, na lina mwisho wake, siku 60 baada ya kipindi cha kinga kuisha. Rudi na daftari la mavuno, risiti za mauzo, na ripoti ya mkaguzi.

Ombi linapelekwa kwa kamati ya kaunti, ambao ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, na wewe ukiwa na namba ya shamba unaweza kupiga kura na hata kugombea. Uliza kikao chao kijacho ni lini ili usipige simu kila siku.

## Kwa wafugaji

LIP haihitaji kujiandikisha kabla, ila inahitaji ushahidi wa vitu viwili: ulikuwa na mifugo mingapi kabla, na mingapi imekufa kwa sababu ya hali ya hewa. Inalipa asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko kwa vifo vilivyozidi vile vya kawaida. Mifugo iwe ya biashara, mbuzi wawili wa kula nyumbani hawahesabiwi.

Kwa hiyo hesabu mbuzi kila mwezi, piga picha, tunza risiti za kununua na kadi za daktari wa mifugo. Wakifa, piga picha kabla ya kuzika, chukua maelezo ya shahidi asiye na maslahi kwenye shamba lako, na ripoti mara moja. Fomu ni CCC-852.

Kwa malisho, LFP inafuata ramani ya ukame inayotoka kila Alhamisi. Kaunti yako ikifika kiwango cha D2 (ukame mkali) au zaidi, piga simu uulize.

## Kwa fensi na ardhi

ECP inarudisha mpaka asilimia 75 ya gharama, na mpaka 90 kwa mkulima anayeanza au mwenye kipato kidogo. Sharti linaloumiza watu: usianze kazi kabla ya kuomba na kuidhinishwa. Ukishajenga fensi kwa hela yako halafu ukaja na risiti, umechelewa. Kama mbuzi wanatoka barabarani na huwezi kusubiri, piga simu kwanza uulize kuhusu kazi ya dharura, andika jina la uliyeongea naye na saa.

## Hela ikiingia, au ikikataliwa

Ikiingia, ni kipato, utaletewa fomu ya 1099-G na utaitaja kwenye kodi, kwa hiyo usiitumie yote. Kama unadaiwa na serikali kuu, deni linaweza kukatwa humo humo. Na kuomba FSA ni bure. Mtu akikwambia umpe asilimia ili "akufuatilie," kataa, na usisaini FSA-211 kwa mtu usiyemjua vizuri maana hiyo inampa mamlaka ya kusaini kwa niaba yako.

Ikikataliwa, barua inakuja na sababu. Usiitupe. Una siku 30 tangu uipokee, na unaweza kuomba kamati ya kaunti iangalie upya, kukata rufaa kamati ya jimbo, kuomba usuluhishi, au kwenda kitengo cha rufaa cha taifa kinachoitwa NAD, ambacho hakiko chini ya FSA. Barua yenyewe inaeleza njia zipi ziko wazi kwako. Rufaa haihitaji wakili, inahitaji ujibu ile sababu waliyoandika. Wamesema hakuna ushahidi wa mavuno? Weka kopi ya daftari, picha zenye tarehe, maelezo ya mnunuzi wako wa sokoni. Wamesema umechelewa? Weka ile imeili uliyotuma ndani ya saa 72. Itume kwa posta yenye risiti ya kupokelewa, na kopi ibaki kwenye bahasha yako.